Gunia Halikoromi

Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imekaririwa mno madarasani hata ikachujuka. Mimi niliisadiki kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Akiwa kidato cha tatu, alikuwa mnene, na usingizi ulimwelemea mchana kutwa. Shuleni alibandikwa jina Gunia; nyumbani wazee walisema ameshiba. Usiku alikoroma hadi pumzi ikakatika, akashtuka, kisha akakoroma tena.

Charles Dickens, katika The Pickwick Papers (1836–1837), alimsawiri Joe, mvulana mnene anayesinzia hata akiwa kazini. Msomaji humcheka. Mnamo 1956 madaktari wa Marekani waliazima jina la riwaya hiyo kuuita ugonjwa wa unene, usingizi na upungufu wa pumzi. Leo yajulikana kwamba wengi wa wagonjwa hao huzibika koo usingizini: oksijeni hupungua, homoni za mshtuko humiminika, shinikizo la damu hupanda, nayo insulini hushindwa kudhibiti sukari ipasavyo. Ndugu yangu alipopimwa, shinikizo lake lilikuwa juu tayari, naye ana miaka 17 tu.

Gunia ni sitiari, na sitiari hii ilimgeuza mtu kuwa kitu. Kitu hakiugui, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu. Mwanafunzi akisinzia darasani, kabla ya kumpa jina, tumwulize: usiku hulalaje?