Risasi 43 Ndani ya Kopo

Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini, mtoto wa jirani yangu hapa Kirumba alipiga hodi jioni moja akiwa na kikombe mkononi. "Shikamoo babu. Mama anaomba sukari kidogo ya uji wa mdogo wangu." Nilimjibu upesi, hata kabla sijafikiri: "Marahaba mjukuu wangu. Kamwambie mama kwamba hata sisi imetuishia." Mtoto akageuka, akaenda zake na kikombe chake kitupu. Chumbani mwangu, chini ya kitanda, ulikuwapo mfuko wa kilo 25 ambao haujafunguliwa.

Neno lile "imetuishia" lilinishtua mara lilipokwisha kunitoka. Sauti ilikuwa yangu, lakini neno lilikuwa la marehemu Baba.

Baba yangu alikuwa karani hapa mjini. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema, alikuwa na shamba la mpunga karibu na maji. Yeyote aliyelima kando ya ziwa anajua adui wa mpunga ni nani: kiboko. Hutoka majini usiku, na kwa usiku mmoja huweza kumaliza kazi ya miezi. Kwa sababu hiyo Baba alikuwa na bunduki ya marisau, yenye leseni. Hakuwa akiua viboko. Alikuwa akipiga risasi moja au mbili hewani, nao wakarudi ziwani. Risasi zake alizihifadhi katika kopo kubwa la Kimbo, juu ya kabati.

Mwishoni mwa Machi 1979, vita vya Kagera vilipokuwa vikielekea ukingoni, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilikuja kuupiga mji wetu. Mabomu yalikosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, na wanyama kadhaa wakafa. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Mshindo ule naukumbuka, na namkumbuka Baba akiingia chumbani, akiliteremsha kopo lake, na kuanza kuhesabu risasi moja moja juu ya kitanda. Bunduki ya marisau haina la kufanya mbele ya ndege ya vita, naye alilijua hilo. Alihesabu ili moyo wake upate kutulia. Majuma machache baadaye aliomba kibali, akanunua paketi nyingine.

Baada ya vita ilikuja dhiki ambayo watu wa rika langu hawajaisahau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vilikuwa vimekula akiba, bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni hazikutosha. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, khanga, betri za redio: kila kitu kilikuwa kwa foleni, na mara nyingi foleni yenyewe iliishia mlangoni pa duka tupu. Risasi nazo zikaadimika. Mwenye duka ambaye Baba alizoea kununua kwake alimwambia hajui zitakuja lini. Siku ile nilimsaidia kuhesabu. Zilikuwa 43.

Mwaka uliofuata, mpunga ulipokuwa umeanza kuchanua, mzee mmoja aliyepakana nasi kule shambani alikuja kibandani kwetu usiku akihema. Viboko walikuwa wameingia kwake. "Mzee mwenzangu," alisema, "njoo uwapigie hata moja tu hewani." Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, zimeniishia." Kopo lilikuwa nyuma yangu, chini ya mkeka. Mzee yule alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaondoka. Tulimsikia akigonga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Usiku wa pili viboko walikuja kwetu. Nilimwamsha Baba. Aliketi, akaishika bunduki, akaufungua mfuniko wa kopo, akaufunga tena. "Hizi tutazihitaji zaidi siku nyingine," alisema. Tulitoka tukagonga debe kama jirani yetu alivyofanya, na kama yeye, hatukufua dafu. Mwaka ule familia yetu, yenye shamba la mpunga, ilipanga foleni ya mchele. Mzee yule aliendelea kutusalimu "Mwangaluka" kila asubuhi, lakini baada ya salamu hakuongeza neno.

Kwa miaka mingi nilimhukumu Baba moyoni. Nilimwona mchoyo. Sasa nadhani nilikosea. Mlanguzi huficha mali ili aje aiuze kwa bei ya kuumiza, na hesabu yake ni faida. Baba hakuuza risasi hata moja. Hesabu yake ilikuwa hofu. Kitu kikipatikana kila siku, mtu huuliza, "Leo nahitaji kiasi gani?" Kikianza kuadimika, swali hugeuka: "Je, kesho nikikikosa?" Swali la kwanza lina jibu: kilo moja, risasi mbili. La pili halina jibu, maana kesho haina mwisho. Ndiyo sababu mwenye 10 hutaka 20, na mwenye 20 halali usingizi.

Nayo hofu hiyo huzaa kile inachokiogopa. Tuseme mtaa una kaya 100, na dukani huletwa kilo 100 za sukari kila juma. Zinatosha. Uvumi ukipita kwamba sukari itakosekana, kila mwenye uwezo atanunua kilo mbili. Kaya 50 zitapata, 50 zitakosa, ingawa kiwanda hakikupunguza hata punje. Waliokosa wataamka alfajiri juma lijalo, nao watataka tatu. Uvumi umekuwa kweli, na kila mmoja atasema, "Unaona? Ni vizuri nilinunua mapema."

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Marekani, ambako raia wengi wana bunduki, mauaji ya watoto wa shule huko Newtown mwezi Desemba 2012 yalizusha hofu kwamba sheria mpya zingekuja. Watu wakakimbilia madukani. Hata risasi ndogo za .22, za kulengea shabaha makopo, zikawa adimu kwa muda mrefu, na wenye maduka wakalazimika kumpimia kila mteja. Wengi waliopanga mstari walikuwa na akiba ya kutosha nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ikawa vivyo hivyo. Mtu anayepiga risasi moja kwa mwezi na mtu aliyejaza kabati huamshwa na sauti ileile.

Mama naye hakuwa malaika. Machi 1983, serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu waliingiwa na woga, wengine wakatupa bidhaa vichakani na majini. Mama alikuwa na miche 12 ya sabuni chini ya kitanda. Hakuwa mfanyabiashara, lakini nani angemwamini? Usiku ule alizunguka nyumba kwa nyumba, akigawa vipande ndani ya khanga yake. Juma lile kamba zote za uani kwetu zilijaa nguo nyeupe. Baadaye alizoea kusema kwamba alitoa kwa woga, lakini kwamba tangu siku ile hakuna jirani aliyemwacha alale bila chumvi. Akiba aliyoitoa nje ya nyumba ilidumu kuliko ile aliyoificha.

Katika miaka hiyohiyo, huko Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji walijipanga kuwa sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Mwizi hakuogopa wingi wa mishale ya mtu mmoja. Aliogopa mwano, lile yowe ambalo likipigwa kijiji kizima huitikia. Baba, mwenye bunduki, usiku ule wa viboko hakuwa na wa kumwitikia.

Alifariki mwaka 2009. Ndugu zangu na mimi tuliipeleka bunduki yake kituo cha polisi pamoja na lile kopo. Askari alizimimina risasi mezani kwa uangalifu. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeziingia: makasha yamevimba, shaba imeota kutu ya kijani. "Mzee hizi zisingemfaa kitu," alisema. Kisha akazihesabu ili aandike kitabuni. Zilikuwa 43.

Jioni ile ya kikombe nilikaa kitandani kitambo. Siwezi kusema kwamba kuweka akiba ni kosa. Baba mwenye watoto asiyeweka akiba ni mjinga. Lakini nilijiuliza sukari ile naiwekea siku gani, ikiwa siku ya mtoto kukosa uji siyo. Nikauvuta mfuko, nikaukata mdomo, nikajaza bakuli.

Mama wa mtoto alifungua mlango, akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine njiani, kwamba kijana wangu ameileta sasa hivi. Nikaumeza. "Mwanangu," nilimwambia, "ilikuwapo."

Alicheka, akasema, "Najua, baba. Nilikuona ukishusha mfuko." Akanikaribisha ndani.