Binti wa Unguja alikataa tangyuan za bibi wa Kichina kisa nguruwe, kilichofuata jikoni hakukitegemea

Kuna binti mmoja wa Unguja, yuko mwaka wa pili chuo huko Ningbo, China. Likizo ya mwaka mpya wa Kichina hosteli ilibaki kimya kama makaburini. Wenzake wengi wameenda makwao, yeye nauli ya ndege hana. Rafiki yake wa darasani, Mchina mwenyeji wa hapo hapo Ningbo, akamwambia usikae peke yako bwana, twende kwetu tumalizie sikukuu. Bidada akabeba begi, na mikono mitupu hakwenda. Alimpelekea bibi wa nyumba ile karafuu na chupa ya mafuta ya nazi aliyofungiwa na mama yake.

Kwa wasiojua, mwaka mpya wa Kichina siyo siku moja. Zinahesabiwa siku 15, na ile ya mwisho, tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, inaitwa Yuanxiao, sikukuu ya taa. Siku hiyo upande wa kusini lazima ziliwe tangyuan. Ni viduara vya unga wa mchele wa kunata, ndani vina ufuta mweusi na sukari, vinachemshwa na kuliwa vya moto pamoja na maji yake. Ukiziangalia utadhani kaimati nyeupe ambazo hazijaingia kwenye mafuta. Halafu jina lenyewe kwa Kichina linakaribiana na tuanyuan, yaani familia kukutana tena. Kwa hiyo kuzikataa mezani kwa mtu siyo sawa na kukataa chipsi.

Sasa ishu ikaja hapa. Ningbo inasifika China nzima kwa tangyuan, na ladha yao ya asili ina kitu cha tatu humo ndani: mafuta ya nguruwe.

Usiku wa kuamkia sikukuu bibi akachemsha za kuonja. Akamwekea mgeni bakuli la kwanza kabisa, kabla hata ya mwanawe. "Kula mjukuu wangu, zitapoa." Bidada akamuuliza rafiki yake kwa sauti ya chini, humu mna nini? Akaambiwa. Mwili ukafa ganzi. Rafiki akamnong'oneza, sema una aleji ya ufuta, yaishe.

Akaomba dakika moja, akatoka kwenye baraza, akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti hiyo?"

Akaeleza yote. Mama hakusita. "Bibi wa watu kakukaribisha kwake, usimlipe uongo. Mwambie ukweli, lakini kwa adabu."

Akarudi, akakaa, akashika bakuli kwa mikono miwili. "Bibi nisamehe. Mie ni Mwislamu, nguruwe siruhusiwi. Chakula chako hakina kosa."

Bibi akamwangalia. Akauliza swali moja tu, "Kama wale wa tambi za Lanzhou?" Maana karibu kila mji wa China una migahawa ya tambi za kuvuta kwa mkono inayoendeshwa na Waislamu, na mlangoni wameandika kuwa chakula chao ni halali. Bidada akatikisa kichwa, ndiyo bibi, kama wale. Bibi akachukua bakuli, akaingia nalo jikoni, hakusema neno. Mezani pakawa kimya. Usiku ule binti hakulala, anajiona kaharibu sikukuu ya watu.

Asubuhi akamkuta bibi kasimama jikoni, kashika ile chupa ya mafuta ya nazi. Kwa baridi ya Ningbo ya mwezi wa pili yalikuwa yameganda meupe kabisa. Bibi akauliza, "Haya yanaganda hivi siku zote?"

Kumbe usiku kucha mzee alikuwa anapiga hesabu. Maana kazi ya mafuta ya nguruwe mle ndani siyo utamu peke yake. Yakiwa baridi yanaganda, ndiyo unaweza kuviringisha ufuta ukawa kama gololi. Yakikutana na maji ya moto yanayeyuka, ndiyo ukiuma tangyuan ufuta unatiririka. Mafuta ya maji ya kawaida hayagandi kirahisi, utahangaika tu. Ya nazi yanaiweza hiyo kazi. Bibi akaenda dukani, akarudi na sufuria mpya. Hakutoa hotuba.

Wakaanza. Gramu 100 za ufuta mweusi zikakaangwa kavu mpaka zikanukia, zikatwangwa, zikachanganywa na sukari gramu 60 na mafuta ya nazi gramu 50. Mchanganyiko ukaenda kwenye friji ukagande, kisha ukaviringishwa gololi za gramu 8 hivi.

Unga gramu 200, maji ya uvuguvugu kama mililita 160, unamimina kidogo kidogo. Bidada kazoea unga wa ngano unaovutika, huu ukawa unampasukia mkononi. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akakata kipande kidogo cha donge, akakichemsha mpaka kikawa laini, akakirudisha kukandwa pamoja na donge lililobaki. Hapo ukashikana. Donge la gramu 15, unalitoboa kwa kidole gumba kama kikombe, unatia gololi, unafunga, unaviringisha. Zikatoka kama 24.

Kuchemsha nako kuna adabu yake. Maji yachemke kwanza, uzitie, uzisukume taratibu kwa mgongo wa kijiko zisigande chini. Yakichemka kwa fujo unatia maji baridi kidogo, unarudia mara mbili tatu. Zikielea na kuvimba, zimeiva. Usiume kwa pupa, ufuta wa ndani unaunguza ulimi vibaya.

Jioni familia nzima ikakaa. Mtoto wa bibi akauliza, zetu za kawaida ziko wapi? Bibi akajibu leo sufuria ni moja, watu hawakutani tena kwa sufuria mbili. Akaonja. Akasema wazi harufu aliyoizoea haipo. Kisha akamaliza bakuli, akaongeza la pili.

Sasa fikiria ule uongo wa aleji ungepita. Bibi angempa matunda, wangemaliza salama, na mafuta ya nazi yangebaki kwenye kabati. Hakuna ambaye angekasirika, lakini pia hakuna ambaye angemjua mwenzake. Vijana wengi tukiwa ugenini tunasema "nimeshiba" ili tusisumbue, halafu tunalalamika kwamba wenyeji hawatujali. Watakujali vipi na hujawaambia?

Haya, ungekuwa wewe na lile bakuli la kwanza mkononi, ungesema ukweli au ungesingizia aleji?