Joto la Chumba, Chumba cha Nani?

Karatasi ya maelekezo ya maabara inasema jaribio la kutenganisha madini kwa povu lifanyike katika "joto la chumba". Basi, imeishia hapo. Aisee, chumba cha nani? Waandishi wa vitabu tunavyosoma wana chumba cha nyuzi 20. Sisi maji yetu yanatoka kwenye tangi jeusi juu ya paa. Kundi la asubuhi walipima 26, sisi wa saa nane mchana tukapata 35. Mashine ile ile, mawe yale yale, kemikali zile zile. Makinikia hayakulingana, tukaambiwa kuna kundi limezembea.

Mimi sikubali. Kwenye mashine ile, kemikali huifanya punje ya madini ikwepe maji, kisha kiputo cha hewa kinaidaka na kuipandisha hadi kwenye povu. Joto linagusa hatua zote hizo. Maji ya nyuzi 5 yanatiririka kwa uzito karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 30. Yakiwa ya baridi, povu linadumu na kubeba maji mengi, na maji hayo yanapanda na vumbi la mawe yasiyo na thamani. Yakiwa ya moto, povu linapasuka upesi, na zanthati tunayotumia kwa shaba inaharibika haraka zaidi.

Kwa madini ya salfaidi kama yetu tofauti inaweza kuwa ndogo. Lakini muulize anayetumia asidi ya oleiki kwa fosfati! Ile huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hivi, ndiyo maana penye baridi watu hulazimika kupasha mchanganyiko. Na pale Broken Hill, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Potter na Delprat walielesha zinki kwa kutumia asidi ya moto kabisa. Kwao joto lilikuwa sehemu ya mapishi.

Ripoti hii ina alama, na kwetu wapo wenzetu ambao alama tatu tu zinawatenganisha na sapu. Kipimajoto bei yake haizidi sahani chache za chipsi mayai. Idara ikinunue, halafu pale penye "joto la chumba" iandike namba.