Funga Daftari, Mwanangu

Muhula wa kwanza nilipata alama 31 katika mtihani wa Bayolojia. Thelathini na moja! Wala si kwamba sikusoma. Usiku wa kuamkia mtihani nilikesha nikaisoma sura ya figo mara sita, nikaipigia mistari ya wino mwekundu hata daftari likawa kama limechinjiwa kuku. Karo yangu hutoka kwenye mahamri anayouza bibi alfajiri hapa Takaungu. Karatasi ile niliificha siku tatu.

Nilipopiga moyo konde nikamwonyesha, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Haya, hilo figo lafanya nini?" Nikafungua daftari.

"Funga daftari, mwanangu. Nieleze mie nsojua."

Nikalifunga, na ulimi nao ukafunga. Mdogo wangu akacheka. Yeye huenda chuoni, na kila magharibi humsomea bibi sura aliyohifadhi, msahafu umefungwa. Akikwama, bibi hamtajii upesi. Humwacha aitafute.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Bayolojia, kumbe jambo hili lina wataalamu wake! Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitoa matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wengine walisoma kifungu mara 14 hivi. Wengine walikisoma mara 3 hivi, kisha wakakifunika na kuandika walichokumbuka, tena na tena. Baada ya dakika 5, waliosoma sana ndio walioongoza. Baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 40, na wale wenzao asilimia 61. Mwalimu akasema kumbukumbu haikai ubongoni kama nguo sandukuni: kila unapoitafuta mwenyewe, njia ya kuifikia hupata nguvu. Kurudia kusoma huzoesha macho, ukadhani wajua. Na usingizi ndio husaidia ubongo kuyashika yaliyosomwa mchana. Nami nilikesha!

Siku hizi hutufungisha madaftari dakika 5 za mwisho wa kipindi, tuandike tulichoshika. Darasa lilinung'unika, nami nikiwamo, maana kujiona mjinga kila siku si raha.

Nyumbani nikaanza kumweleza bibi wakati akikanda unga. Siku ya tatu nilikuwa natiririka: figo huchuja damu, halafu sukari hurudishwa mwilini, isipotee kwenye mkojo. Bibi akasimamisha mikono.

"Mbona mie sukari ikinipanda nashinda chooni?"

Bibi ana kisukari, miaka mingi sasa. Sura ile nilikuwa nimeisoma mara sita, naye nalala naye nyumba moja, lakini sikuwahi kuviunganisha viwili hivyo. Nilibaki kimya. Kesho yake nilimvizia mwalimu mlangoni, mimi ambaye sikuwahi kuuliza swali tangu Kidato cha Kwanza.

Jioni nilimjibu bibi, daftari limefungwa: sukari ikizidi katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote. Inayobaki kwenye mkojo huvuta maji na kutoka nayo, ndiyo sababu pia ya kile kiu chake.

Juzi nimepata 54. Bibi aliitazama karatasi, akaniuliza 54 katika ngapi, akairudisha.

"Basi kesho nieleze moyo," akasema.

Sura ya moyo sijaifungua bado.