Mabawa ya Nguo

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, katika miaka ya arubaini. Alipenda kuwasimulia wageni kwamba ndege ile ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na kwamba yalikuwa ya nguo. Siku moja mimi, kijana wa skuli niliyezoea kuona ndege za bati, nilimwambia mbele ya wageni wake kuwa nguo hairuki. Hakunijibu. Hakuisimulia tena safari ile.

Mwaka jana mjukuu wangu aliniletea kutoka Uingereza sanduku la vipande vya plastiki vya kuunda mfano wa Dragon Rapide, ndege ya de Havilland iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 likiwa na ndege sita za aina hiyo. Kipimo cha mfano ni 1 kwa 72. Mabawa ya karibu mita 14.6 hubaki kama sentimita 20, hayatimii shubiri yangu.

Nilivikata vipande kwa wembe, nikavipiga msasa, nikaunga kiwiliwili na mabawa ya chini. Kazi ngumu ni bawa la juu: nguzo zote sharti zisimame wima kabla gundi haijakauka, na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Mara mbili liliniangukia.

Usiku wa tatu, nikilisugua mbele ya taa, kidole kilihisi matuta membamba, na baina yake mabonde. Aliyelichonga alikuwa ameiga nguo iliyowambwa juu ya mbavu za mbao. Ndivyo Rapide ilivyoundwa: kiunzi cha mbao, kisha kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza hata kikawa kama ngozi ya ngoma. Baba alilitazama bawa lile kwa jicho la fundi.

Waya zinazokaza mabawa nimezifanya kwa uzi mwembamba niliouona katika mtoto wa meza ya cherehani yake. Ndege nimeiweka juu ya cherehani hiyo. Wageni wakiuliza, huwaambia kwanza kuwa mabawa yake yalikuwa ya nguo, na kwamba baba yangu alisema kweli.