Picha Inakatakata, Mchawi Nani?

Chama chetu kina wanachama wa aina mbili: wenye laptopu mpya, na sisi. Laptopu zetu tumerithi kwa kaka na dada, tumenunua mkono wa pili kwa wanafunzi waliomaliza, au zimesafiri kutoka nyumbani ndani ya sanduku zikiwa zimefungwa kwa kanga. Kuandika insha zinaandika. Makala za walimu zinafungua. Lakini ukiziambia zionyeshe video ya intaneti, picha inaanza kurukaruka kama chura: bibi harusi anainua mguu mlangoni, mara tunamwona ameshaketi jukwaani na watu wanakula biriani.

Aliye nyumbani anaweza kucheka na kuzima. Sisi tulio huku Uingereza, video ndiyo mlango wetu wa kuingilia kwenye harusi, khitma, mahafali na misiba. Msimu wa baridi uliopita mwenzetu mmoja wa Unguja alifiwa na bibi yake. Kwa desturi ya Kiislamu maiti haicheleweshwi. Bibi alifariki usiku, na kesho yake baada ya sala ya adhuhuri akapelekwa makaburini. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha mjukuu. Binamu yake akarusha mazishi moja kwa moja kwa simu, nasi tukakaa sita chumbani kwake, saa nne asubuhi ya hapa, saa saba mchana ya kwao. Sauti za watu wakileta kalima zilikuja safi kabisa. Picha ilikuja vipande vipande: jeneza linatoka mlangoni, linaganda hewani, kisha liko barabarani kwenye mabega ya watu wengine. Mwenzetu alisema neno moja tu, "Nasikia wanamzika, lakini sioni." Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu anayesema kwamba video kukatakata ni jambo dogo.

Wengi wetu hukimbilia kuulaumu mtandao wa bweni, kwa kuwa mtandao wa bweni umezoea lawama. Lakini video kabla ya kufika machoni hupita mikononi mwa wawili. Intaneti inauleta mzigo, halafu laptopu inaufungua. Ukitaka kumjua mchawi, angalia namna video inavyokwama. Ikiwa kila kitu kinasimama, picha pamoja na sauti, na kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo, basi mzigo haujafika. Hapo mlaumu mtandao, au sogea karibu na kisambaza mawimbi. Ikiwa sauti inaendelea vizuri huku picha inaruka, na feni inavuma kama gari linalopanda mlima, mzigo umeshafika mlangoni. Aliyeshindwa ni mfunguaji.

Ushahidi upo kwa anayetaka. Kwenye YouTube, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na katika orodha inayotokea chagua kipengele cha takwimu. Humo mna hesabu ya fremu zilizodondoshwa, yaani picha ambazo laptopu ilipaswa kuzionyesha ikashindwa kwa wakati. Hesabu hiyo ikipanda huku akiba ya video iliyokwisha kupakuliwa bado ni kubwa, mtandao hauna kosa. Mwenye Windows anaweza pia kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akaona prosesa inavyohema.

Kwa nini laptopu ishindwe kufungua? Video haisafiri ikiwa imekunjuliwa. Hubanwa kwanza kwa kanuni maalumu ili iwe ndogo. Kanuni ya H.264 ilitoka mwaka 2003, VP9 ikatoka 2013, na AV1 ikaja 2018. Kila iliyofuata inabana zaidi, jambo linaloupunguzia mtandao mzigo, lakini kuifungua kunahitaji hesabu nyingi zaidi. Watengenezaji huweka ndani ya chipu sehemu maalumu ya kazi hiyo. Ni kama mbuzi ya kukunia nazi: ukiwa nayo, nazi inakunika huku unapiga soga. Laptopu ya mwaka 2012 kwa kawaida ina mbuzi ya H.264 lakini haina ya VP9 wala AV1. YouTube ikiiletea VP9, prosesa inalazimika kukuna kwa kisu, na mkono unachoka.

Dawa ya kwanza haina gharama: punguza ubora wa picha. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, jumla zaidi ya milioni mbili, na katika video ya fremu 30 hesabu hiyo inarudiwa mara 30 kila sekunde. Picha ya 480p ina nukta takriban laki nne, yaani sehemu moja ya tano. Tena vioo vingi vya laptopu za bei ndogo vina nukta 1366 kwa 768 tu. Anayechagua 1080p kwenye kioo hicho anaitesa mashine ifungue nukta milioni mbili, kisha iipunguze picha ili itoshe kiooni. Video ya fremu 60 nayo ina kazi maradufu ya ile ya fremu 30. Chagua 480p, au 720p ya fremu 30 ikiwa mashine inastahimili.

Dawa ya pili ni kuiomba YouTube ilete mzigo ambao laptopu yako inajua kuufungua. Kuna programu ndogo ya nyongeza iitwayo h264ify, inayowekwa kwenye kivinjari. Kazi yake ni kukiambia kivinjari kikatae VP9 na kanuni nyingine, ili kipewe H.264. Tuliiweka kwenye laptopu ya mwanachama mmoja ambaye fundi wa dukani alikuwa ameshamwambia anunue nyingine, naye akawa anapiga hesabu ya kukopa. Feni ilinyamaza kabla chai haijapoa. Laptopu hiyo ndiyo anayotumia hadi leo kuandikia tasnifu yake.

Dawa ya tatu ni kutazama mipangilio ya kivinjari, upande wa mfumo, kuhakikisha kwamba ruhusa ya kutumia maunzi kuharakisha kazi imewashwa. Ikizimwa, hata ile mbuzi uliyo nayo inakaa pembeni bila kazi.

Yaliyobaki ni ya kiutu uzima. Funga vichupo vingine. Kichupo chenye matangazo yanayochezacheza kinakula nguvu hata kama hukitazami. Toa laptopu juu ya blanketi, maana matundu yakizibwa inapata joto, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi zikitegemea betri hubana matumizi. Mara moja kwa mwaka mpe mtu anayejua akutolee vumbi kwenye feni. Kwenye mikutano ya Zoom, ondoa ile picha ya bandia nyuma yako: kila sekunde laptopu inahangaika kukutenga wewe na ukuta.

Na jamaa wa nyumbani pia wana sehemu yao. Wanaporusha shughuli, waombe kwa adabu wasichague ubora wa juu kabisa. Simu ikiwekwa 720p inatosha kumtambua shangazi. Waombe vilevile wahifadhi video na kuituma baadaye. Faili likishafika, lifungue kwa VLC badala ya kivinjari, mara nyingi litakwenda kwa wepesi zaidi. Yote yakishindikana, tazama kwa simu. Simu ya bei ya kawaida huwa na sehemu yake ya kufungulia video, kwa hiyo mara nyingi inaishinda laptopu nzee yenye kioo kikubwa.

Wanafunzi wenzetu Waingereza wanaojifunza Kiswahili wanalijua hili kwa namna yao. Mashine ikielemewa sana, sauti nayo hukwaruza, na kati ya "atafika" na "hatafika" pana pumzi moja tu. Mmoja wao alitueleza kwamba kwa muhula mzima alidhani masikio yake ndiyo mabovu. Walimu wetu, mkimwona mwanafunzi anashindwa zoezi la kusikiliza, tunaomba mumuulize pia anatumia mashine gani.

Jambo moja limetushangaza katika kuzirekebisha laptopu hizi: wenyewe walikuwa wanaona haya. Walikuwa wakizifungua pembeni ya darasa, stika imebandikwa penye ufa, na picha ikikwama wanasema hawakutaka kutazama hata hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mashine nyingi kati ya hizo hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimepewa kazi isiyo yao, na mwenyewe hakuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo kila Alhamisi, nusu saa kabla ya kikao, tunakaa chumba kile kile cha chama na laptopu za watu. Hatutozi kitu, anayetaka alete kashata. Kama kuna harusi au shughuli nyingine inakuja nyumbani kwenu, msingoje siku yenyewe. Njooni wiki moja kabla tuijaribu mashine kwa utulivu. Na tafadhali, njooni na chaja.