Wali wa Siki Vichochoroni mwa Tokyo

Anayedhani kuwa sushi njema sharti igharimu fedha nyingi hajapita katika vichochoro vya Tokyo. Chakula hiki, kwa namna kijulikanavyo leo, kilistawi humo katika karne ya 19, mji ukiitwa Edo, kikauzwa vibandani; mtu alikula kwa mkono akenda zake. Mikahawa ya mitaani ingali na tabia hiyo: pazia fupi mlangoni, kaunta ya mbao yenye viti vichache, na mpishi na kisu chake. Mchana, sahani hupatikana kwa yeni 1,000 na kitu.

Tulikuwa tumeswali Adhuhuri katika msikiti ulio karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, uliojengwa mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki. Samaki hawakututia wasiwasi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, pweza na ngisi ni halali. Shaka ilikuwa katika viungo. Wapishi wengi hutia mirin, kileo kitamu cha mchele, katika mchuzi wa mkunga na katika kimanda, na sosi nyingine za soya huongezwa kileo. Ulimi haubainishi hayo. Sharti mtu aulize.

Tulikuwa na karatasi yenye swali letu kwa Kijapani. Mpishi, mtu mzima, aliisoma mara mbili, akatoa chupa zake moja moja, na kijana wetu asomaye huko akatusomea maandishi yake. Sosi moja ikarudishwa kabatini. Mkunga na kimanda vikaondolewa, tukapewa pweza badala yake. Kesho yake, katika hoteli moja ya fahari, swali lilo hilo lilijibiwa kwa tabasamu tu, nasi tukanywa chai tukatoka.

Ama utamu wenyewe! Wali ulikuwa vuguvugu, punje zimeshikana bila kupondeka. Jodari alikuwa mwororo, lakini aliyetushinda ni kohada, samaki mdogo wa nasaba ya simu, aliyetiwa chumvi kisha siki. Ni samaki wa bei nafuu, na kwa rai yetu yeye ndiye ampimaye mpishi.

Atakayekwenda na aingie mapema, saa tano na nusu, kabla ya wafanyakazi wa maofisini. Soko la samaki la Toyosu hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano, na mikahawa kadhaa hufunga nalo.